Bendi Ikirudia Wimbo wa Watu: Mwongozo Kamili wa Kufurahia Kopi za Mitindo Mbalimbali

Penye bendi, iwe Mwanga au Ujiji hapa Kigoma, hakosekani mtu wa meza ya nyuma wa kusema, "Si wanapiga kopi tu hawa!" Anamaanisha kwamba bendi haina nyimbo zake, kwa hiyo haina jipya. Kwa kopi za aina moja huenda ana haki: zile za kufuata gitaa kwa gitaa, pumzi kwa pumzi, mpaka kikohozi cha mwimbaji wa kwanza. Kopi hizo zina kazi yake, nayo ni kuwainua watu vitini. Sina ugomvi nazo, ila hazihitaji mwongozo.

Mwongozo huu unahusu kopi za aina ya pili. Bendi inauchukua wimbo wa rege na kuuingiza kwenye rumba, kwaya inauchukua utenzi (wimbo wa kitabu cha kanisani) wa Wazungu na kuutia chemko, yaani ile nusu ya mwisho ya kuchezwa, msanii wa Bongo Fleva anaichukua ngoma ya asili na kuipeleka klabu. Wimbo ukihamishwa hivyo, vitu vingine vinadondoka njiani na vingine vinafika. Utamu wote uko katika kusikia ni kipi kilichofika, kwa sababu hicho ndicho kilichokuwa kinaubeba wimbo tangu mwanzo, hata kama hukuwahi kukiona.

Hatua ya 1: Pata kifaa kinachotoa besi

Spika ya simu haitoi besi ya maana, na mtindo wa muziki unakaa kwenye besi na ngoma kuliko kwenye koo la mwimbaji. Ukisikiliza rege kwenye simu iliyolala mezani utaisikia gitaa ikikwaruza na mtu akilalamika, basi. Hedifoni za waya za bei ya chini zinatosha kabisa. Kama una spika ya Bluetooth, isogeze kwenye kona ya ukuta; besi itaongezeka bila kununua kitu.

Suala la bando nalo lina hesabu yake. Kopi hufurahiwa kwa kurudia, na kuutiririsha wimbo uleule mara sita kunaweza kula data mara sita. Tumia programu inayokuruhusu kuhifadhi wimbo kwenye simu, upakue mara moja, usikilize hata pasipo mtandao.

Hatua ya 2: Anza na wimbo ambao huhitaji kujifunza

Usianze na wimbo mgeni. Ukianza na wimbo usioujua, akili yote itaishia kuujua, na hutabakiwa na nafasi ya kulinganisha. Chukua wimbo unaoweza kuuimba huku unakaanga migebuka. Kwa Mswahili sijaona shule nzuri kuliko "Malaika".

Toleo lililoutangaza ni la Fadhili William na wenzake, lililorekodiwa Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Nani aliutunga ni kesi ya muda mrefu, maana Adam Salim, Mtanzania, naye alidai kuwa ni wake, tuiache ilipo. Baada ya hapo wimbo ukasafiri. Miriam Makeba wa Afrika Kusini aliuimba pamoja na Harry Belafonte kwenye albamu yao ya mwaka 1965. Boney M, kundi la disko lililotengenezwa Ujerumani, walilitoa toleo lao mwaka 1981. Angélique Kidjo wa Benin aliuweka kwenye albamu yake ya mwaka 1991.

Yasikilize matoleo hayo manne kwa mpangilio huohuo wa miaka, na kila toleo lipe mizunguko mitatu. Mzunguko wa kwanza fuata mapigo tu, usimjali mwimbaji. Mzunguko wa pili fuata pumzi ya mwimbaji: anapumua wapi, anavuta neno gani, anakatisha lipi. Mzunguko wa tatu ndipo usikilize maneno. Watu wengi huanza na maneno na hapo ndipo huishia, hasa wimbo ukiwa wa Kiswahili, kwa sababu tumezoea kumsikiliza mwimbaji kama tunavyomsikiliza mshairi.

Kwenye mzunguko huo wa tatu kuna jambo litakalokugusa. Maneno ni ya kijana wa kiume asiye na mali, anayeshindwa kuoa. Makeba na Kidjo ni wanawake. Hawakuyageuza maneno yafuate upande wao, na kwa hiyo huzuni haitoki tena kwa mwenye shida mwenyewe. Inakuwa huzuni ya mtu anayesimulia, au pengine ya yule aliyependwa akakosekana wa kumlipia mahari. Wimbo umegeuka bila neno kugeuzwa. Boney M wao, kwa maoni yangu, wameufukuza umaskini wote nje ya wimbo. Sauti ni nyingi, zimepangwa vizuri, studio ni safi, na yule kijana hana tena mahali pa kukaa. Bado naupenda, ila naupenda kama wimbo mwingine.

Hatua ya 3: Jifunze kuutenganisha wimbo vipande vinne

Kila wimbo una sauti yake, yaani ule mpando na mshuko unaoweza kuupiga mluzi, una maneno, una mapigo, na una mpangilio wa ala, yaani nani anapiga nini na anaingia lini. Bendi inayohamisha wimbo haiwezi kuhamisha vyote vinne, maana ikifanya hivyo haijahama. Kazi yako ni kugundua imeacha kipi.

Kipimo cha sauti ni mluzi. Upige wimbo mluzi bila maneno, umwulize jirani ni wimbo gani. Akiutambua, sauti ndiyo inayoubeba, na wimbo huo utavumilia karibu mtindo wowote. Asipoutambua, nguvu yake iko kwenye maneno au mapigo, na hapo bendi inayoubadilisha mapigo inacheza na moto.

Kipimo cha kasi ni mguu. Piga mguu pamoja na ngoma kwa sekunde 15, hesabu, zidisha kwa 4. Wimbo wa taratibu wa mapenzi utakupa kama 60 hadi 80 kwa dakika. Singeli itapita 200 na mguu utachoka kabla ya sekunde hizo kwisha. Fanya hivyo kwa wimbo wa asili na kwa kopi yake. Mara nyingi utakuta bendi imebadilisha kasi kabla ya kubadilisha kitu kingine chochote.

Kisha sikiliza mapigo yenyewe yamekaaje. Kwenye rege gitaa la rithimu halipigi juu ya mguu wako, linapiga katikati, mguu ukiwa hewani. Na katika ule mtindo wa zamani wa akina Marley, ngoma kubwa mara nyingi huliacha pigo la kwanza na kuangukia la tatu. Ndiyo maana rege ikipigwa na wapigaji wa rumba wasio makini inasikika kama mtu mwenye haraka. Rumba yenyewe ina mfupa kutoka Cuba, mapigo matano ya vijiti vya mbao yaliyogawanywa pande mbili, matatu upande mmoja na mawili upande mwingine. Hata pale vijiti havipo, tumba na gitaa la rithimu huwa vinaukumbuka mgawanyo huo. Halafu kuna nyimbo za mapigo matatu, zile za kuyumba kama mtumbwi. Ukitaka kuzijua, hesabu "moja-mbili-tatu" na uone kama mkazo unarudi kwenye moja kila mara.

Kwa sisi tuliolelewa na muziki wa dansi kuna kipimo kimoja zaidi, na ndicho ninachokithamini kuliko vyote: chemko. Wimbo wetu wa dansi una nusu mbili. Nusu ya kwanza ni ya beti na viitikio, mwimbaji anasimulia. Nusu ya pili gitaa la solo linashika kipande kifupi, linakizungusha, tumba zinapanda, waimbaji wanabaki na vibwagizo, watu wanacheza. Wimbo wa kantri wa Marekani hauna nusu hiyo ya pili. Wimbo wa Tenzi hauna. Kwa hiyo bendi ya dansi ikiurudia, ni lazima iitunge chemko yenyewe, kutoka kwenye kitu fulani ndani ya wimbo. Je, solo limechukua kipande cha kiitikio? Limechukua mstari wa besi? Au limebandika chemko ya wimbo mwingine kabisa kwa kuwa hawakufanya mazoezi? Sikiliza sekunde zile bendi inapovuka kutoka nusu moja kwenda nyingine. Hapo huwezi kudanganywa.

Hatua ya 4: Hakikisha nani alitangulia

Wimbo uliousikia kwanza si lazima uwe ndio wa kwanza. "I Will Always Love You" tunaujua kwa Whitney Houston, mwaka 1992, lakini ni wa Dolly Parton, aliyeutunga mwenyewe, ukatoka mwaka 1974. "Respect" ni ya Otis Redding, 1965, kabla Aretha Franklin hajaichukua mwaka 1967. "Tainted Love" ya vinanda vya Soft Cell ya mwaka 1981 iliimbwa na Gloria Jones katikati ya miaka ya 1960.

Njia ya kuhakikisha ni kutafuta jina la mtunzi, si la mwimbaji. Programu nyingi za muziki zina sehemu ya kuonyesha watunzi ukibonyeza nukta tatu kando ya jina la wimbo. Jina likiwa la mtu mwingine kabisa, umepata uzi wa kuufuata. Kwa nyimbo zetu za zamani kazi ni ngumu kidogo, kwa sababu bendi za Tanzania za miaka ya 1970 zilirekodi kwenye studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, na kanda zilizozagaa baadaye mitaani zilibeba majina yoyote yaliyomjia muuzaji. Kwenye YouTube wimbo wa Tabora unaweza kuukuta umeandikwa wa Morogoro. Mwulize mzee aliyecheza ule muziki. Atakukosoa kabla hujamaliza swali.

Hatua ya 5: Sikiliza kwa jozi

Sasa toka nje ya nyimbo za nyumbani. Chukua jozi moja kwa jioni moja, usizidishe.

Ningeanza na ile ya Parton na Houston, kwa sababu sauti ya wimbo ni ileile na kila kitu kingine kimehama. Toleo la Parton ni la kantri, gitaa na sauti nyembamba ya mtu anayeaga kwa adabu. Alilitunga wakati anaachana kikazi na mwimbaji mwenzake Porter Wagoner. La Houston linaanza bila ala hata moja, sauti peke yake, muda mrefu wa kutosha mpaka unajiuliza kama spika imekatika. Kisha linapanda, linapanda tena, na kabla ya kiitikio cha mwisho kuna kimya kifupi na ngoma moja kubwa. Jiulize swali hili: kuaga kwa nani kunauma zaidi? Mimi husema ni kwa Parton, na huwa napingwa na kila mtu mezani.

"Respect" itakufundisha kitu tofauti, maana mtindo haukuhama sana, zote mbili ni soul, muziki wa Wamarekani Weusi. Aliyehama ni mwenye kusema. Kwa Redding ni mwanamume anayedai heshima akirudi nyumbani. Franklin akaongeza sehemu ya kulitaja neno lenyewe herufi kwa herufi, dada zake wakiitikia nyuma, na dai likawa la mwanamke. Hapo wimbo ulipata mwenyewe mpya.

"Hurt" ni ya mwaka 1994, ya kundi la Nine Inch Nails, muziki wa roki wenye mashine na kelele za makusudi. Johnny Cash, mwimbaji wa kantri, aliirekodi akiwa mzee mgonjwa, ikatoka mwaka 2002, na mwaka uliofuata akafariki. Gitaa, piano, na sauti inayotetemeka. Maneno ni yaleyale isipokuwa tusi moja alilolibadilisha, lakini kijana akisema amepoteza kila kitu na mzee wa miaka 70 akisema vilevile, hawasemi jambo moja. Usiisikilize kwenye sherehe.

Kwa rege, chukua "I Shot the Sheriff" ya Bob Marley na wenzake, 1973, halafu ya Eric Clapton, 1974, ambayo ilishika namba moja Marekani kabla watu wengi kule hawajamjua Marley. Clapton ni mpiga roki, akaibakiza rege lakini akailainisha. Kisha sikiliza "No Woman, No Cry" ya Marley na ile ya Fugees ya mwaka 1996, yenye mapigo ya muziki wa kufoka. Wakati wa kulinganisha, tafuta ile gitaa ya katikati ya mapigo. Ipo? Imehamia kwenye kinanda? Imetoweka?

Jozi mbili nilizoziweka mwisho ni kwa ajili ya aliyekwisha kunoa masikio. Ya kwanza ni "My Favorite Things", wimbo wa jukwaani wa mwaka 1959, wa mapigo matatu, mwepesi, wa mtu anayehesabu vitu anavyovipenda. Mpiga saksafoni John Coltrane aliutoa mwaka 1961 ukiwa na urefu wa zaidi ya dakika 13, bila neno hata moja. Ameuacha mpando na mshuko wa sauti pamoja na yale mapigo matatu. Piano inazungusha kodi (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) mbilimbili kwa muda mrefu, na saksafoni inatoka, inazurura, inarudi kwenye sauti ya wimbo ili usipotee. Mzoefu wa chemko hatapata shida hapa. Kitu kinachozungushwa na solo linalotembea juu yake tunakijua, ila sisi tunakichezea.

Ya pili ni albamu nzima. Mwaka 1980 kundi la Talking Heads la New York lilitoa "Remain in Light", muziki wa roki uliojengwa kwa kusikiliza afrobiti ya Fela Kuti wa Nigeria. Mwaka 2018 Angélique Kidjo akairudia albamu yote, wimbo kwa wimbo, na kwenye ngoma akamweka Tony Allen, yuleyule aliyekuwa mpiga ngoma wa Fela. Muziki ulitoka Lagos ukaenda New York, Mwafrika akaurudisha. Sikiliza wimbo mmoja tu kutoka kila upande na uangalie tarumbeta na ngoma zimekaa wapi.

Hatua ya 6: Zitafute kopi za hapa kwetu

Usidhani haya ni mambo ya nje. Wimbo wetu wa taifa wenyewe unatumia sauti aliyoitunga Enoch Sontonga, mwalimu wa Afrika Kusini, mwaka 1897. Zambia wanaitumia pia, na Afrika Kusini imo ndani ya wimbo wao. Taarabu ya mwambao imeazima sana sauti za filamu za Kihindi na kuzivisha mashairi ya Kiswahili. Rumba ya Kongo ilijengwa juu ya santuri za Cuba zilizoanza kuuzwa Afrika miaka ya 1930, na vijana wa Léopoldville (Kinshasa ya leo) waliziiga kwanza, wakazigeuza baadaye. Kwa mtu wa Kigoma hilo halihitaji maelezo marefu. Kongo ipo ng'ambo, taa za wavuvi ziko katikati, na nyimbo zimekuwa zikivuka ziwa na wafanyabiashara, na wakimbizi, na redio.

Wimbo wa kufanyia mazoezi ni "Shauri Yako". Ni wa Nguashi Ntimbo kutoka Zaire ya wakati ule, nao Orchestra Super Mazembe, Wakongo waliohamia Nairobi, wakaurudia na kuufanya maarufu Afrika Mashariki nzima. Mtindo ni karibu uleule, kwa hiyo masikio yatafanya kazi zaidi: linganisha magitaa na kasi ya nusu ya pili.

Kuvuka kwa mbali zaidi kuko kwenye "Salome" ya Diamond Platnumz na Rayvanny, 2016, iliyochukua wimbo wa Saida Karoli wa ngoma za Kihaya. Waliozoea sauti ya Saida walilalamika, vijana wakacheza, na Saida mwenyewe akarudi midomoni mwa watu ambao hawakuwa wamezaliwa au walikuwa wachanga alipovuma. Sikiliza kile kiitikio kilivyobaki juu ya mapigo mapya.

Na upande wetu huu wa reli, Tabora ilikuwa na Kiko Kids, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz. "Dada Asha" ya Tabora Jazz ni ya Shem Karenga, mzaliwa wa Kigoma, aliyefariki mwaka 2014. Ukisikia bendi changa ikiupiga kwenye sehemu ya zilipendwa, usikilize solo. Wapigaji wengi wa sasa wanaupiga ule mstari wa gitaa kwa haraka na kwa mapambo mengi kuliko wa asili. Wengine wanauharibu, lakini nimesikia mapambo yaliyonifanya nirudi kwenye rekodi ya zamani kutafuta kama yalikuwamo.

Kopi zilizo karibu nawe kuliko zote, kama unasali kanisani, ni za kwaya. "Yesu Kwetu Ni Rafiki" ni shairi la Joseph Scriven la mwaka 1855 lenye sauti iliyotungwa na Charles Converse mwaka 1868. Isikilize ikiimbwa na waumini kwa kinanda, taratibu, kisha isikilize ikiimbwa na kwaya yenye magitaa matatu na seti ya ngoma. Mpando na mshuko ni uleule. Ila baada ya beti la mwisho mpiga solo anaichukua, na wamama wa mstari wa mbele wanaanza kusogea.

Hatua ya 7: Nenda mahali bendi inapiga

Wahi. Bendi nyingi huanza na muziki laini watu wakiwa wachache, na hapo ndipo wanapojaribu kopi zisizo za kawaida. Saa sita usiku ukumbi ukijaa watapiga vinavyoinua watu. Kaa upande ambao unamwona mpiga besi, si mbele ya spika. Spika kubwa itakumeza na utaisikia ngoma peke yake.

Kuomba wimbo kuna utaratibu wake. Usipande jukwaani wala usipige kelele katikati ya wimbo. Subiri mapumziko, umfuate kiongozi wa bendi au yule kijana wa mitambo, uamkie, useme wimbo unaoutaka na jina la aliyeuimba. Wakiwa wakubwa kwako, shikamoo haipungukiwi na kitu kwa sababu tu ni baa. Ukitaka wabadilishe mtindo, sema hivyo: "Kaka, ule wa Marley mnaweza kuupiga kirumba?" Usishangae wakikataa. Sauti ya mwimbaji inaweza isifike pale wimbo ulipo, na kuushusha kunamaanisha mpiga solo abadilishe mikao yote ya vidole. Jambo hilo si la dakika mbili. Mara nyingi watakuambia, "Njoo wiki ijayo." Nenda wiki hiyo ijayo, kwa sababu wakikumbuka, utakuwa umewafanya wafanye mazoezi ya wimbo wako.

Wakiupiga, toa kitu. Kumtunza mwimbaji si lazima iwe noti kubwa, wala si lazima umbandike usoni. Na mkumbuke mpiga besi, ambaye hakuna anayemtunza.

Hatua ya 8: Jiulize maswali machache, kisha uamue

Je, wameuacha wimbo ukitambulika? Mabadiliko yana sababu, au ni kwa kuwa hawajui mapigo mengine? Kuna kitu kimesikika ambacho wimbo wa kwanza ulikuwa umekificha? Ukipata "ndiyo" kwa swali la mwisho, kopi imefanya kazi hata kama mwimbaji alikosea beti.

Na usilazimike kuchagua upande. Unaweza kuyapenda matoleo mawili kwa sababu mbili. Ule ubishi wa "ya zamani ndiyo yenyewe" huwa mtamu kwa dakika kumi za kwanza, baadaye unazuia watu kusikia.

Hatua ya 9: Andaa jioni ya nyumbani

Waite watu watano au sita, si zaidi. Andaa nyimbo nane hivi, kila mmoja kwa matoleo mawili. Piga kopi kwanza, wakisie wimbo wa asili ni wa nani na wa mtindo gani, halafu piga wa asili. Ukianza na wa asili, kopi itasikilizwa kama mtuhumiwa. Changanya umri: mama anayejua Tenzi, kijana wa Bongo Fleva, mjomba wa zilipendwa. Anza na wimbo unaotambulika upesi ili mtu wa kwanza apate raha, weka Coltrane katikati watu wakiwa wanakula, kwa sababu dakika 13 ni nyingi kwa mtu asiye na sahani. Chaji spika mchana.

Hatua ya 10: Ukirekodi na kurusha mtandaoni

Omba ruhusa kwa bendi kabla ya kurekodi, na usirushe wimbo mzima. Mwenye wimbo na mwenye kopi ni watu wawili tofauti, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mtunzi hata pale mwingine anapoimba. Ofisi inayoshughulikia hayo nchini ni COSOTA, yaani Ofisi ya Hakimiliki Tanzania. Bendi ikitaka kuitoa kopi kibiashara, ni juu yake kupata kibali cha mwenye wimbo. Kupiga baa na kuuza rekodi si jambo moja.

Kwa nini usumbuke na jina la mtunzi? Solomon Linda alirekodi "Mbube" Johannesburg mwaka 1939. Wimbo ukarudiwa Marekani, ukabadilishwa maneno, mwaka 1961 kundi la The Tokens likaufanya kuwa "The Lion Sleeps Tonight", na dunia nzima ikauimba. Linda alifariki mwaka 1962 akiwa maskini, na familia yake ilifikia makubaliano ya malipo mwaka 2006 tu, baada ya kesi. Kwa hiyo chini ya video yako andika mtunzi kwanza, kisha aliyeuimba kwanza, kisha bendi uliyoirekodi na ukumbi. Mpiga besi naye mtaje kwa jina analotumia jukwaani, kama anakubali.